Kiota cha Povu

Khaemba alikuwa mpishi hodari, lakini mbele ya dada yake Milcah alikuwa hana mdomo. Milcah alikuwa ametoka Kimilili kwa gari la moshi kwa shughuli moja tu: kumchukua Truphosa, binti mchanga wa Khaemba, ampeleke kwa nyanya yake. Namalwa, mama yake mtoto, alizikwa mwanzoni mwa mvua, na kwa maoni ya Milcah mwanamume hana analolijua kuhusu mtoto isipokuwa kumpa jina. Ijumaa wangepanda gari la kurudi.

Khaemba hakutaka. Alikoroga uji wa Truphosa kabla ya kukoroga wa tajiri wake, na mtoto hakukubali kulala ila juu ya kifua chake. Lakini kusema hataki kulihitaji ujasiri ambao hakuwa nao. Alijua wanaume wa kota, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wangemcheka mpaka wachoke. Basi akawa anaangalia samaki.

Samaki wenyewe walikuwa wa tajiri wake, Bwana Pinto, Mgoa mkimya, karani wa reli asiye na mke. Aliwaweka jikoni ndani ya tangi la kioo, karibu na stovu ya kuni, kwa kuwa sebuleni baridi ya Nakuru ingewamaliza. Walikuwa beta wawili, kabila la samaki wa Siam, walioletwa na mpwa wake aliyekuwa baharia. Mmoja alikuwa mdogo, kijivu, hana lolote la kutazamwa. Wa pili alikuwa wa buluu iliyokolea, na mapezi yake yalimfuata nyuma marefu na laini. Huyo Khaemba alimwita Bibi Arusi. Kila asubuhi aliwachotea viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la maji ya mvua, na maji ya tangi aliyabadilisha kwa kikombe, kidogo kidogo, maana beta hapendi kushtuliwa.

Siku zote waliishi wametengwa kwa kipande cha kioo, la sivyo wangeumizana. Alipokuwa akiondoka kwenda kazini Kisumu, Pinto alikiinua kile kioo mwenyewe.

"Ikitaga mayai, wewe toa mama, weka kwa chupa," alisema. "Baba acha na mayai. Nasikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Angalau angeonyesha kwa kidole. Lakini matajiri hawaonyeshi kwa kidole kitu wanachodhani kila mtu anakijua.

Bibi Arusi akaanza kupuliza mapovu juu ya maji, moja moja, akiyapanga pembeni kama mtu anayeezeka nyumba. Milcah alidhani ni uchafu, akaja na mwiko kuuengua. Khaemba alimzuia mkono. Hilo lilimshangaza Milcah, kwani hakuwahi kuzuiwa na mdogo wake tangu walipokuwa wakichunga mbuzi.

Halafu mchana mmoja, sima ikiwa motoni, Bibi Arusi alijikunja akamzungushia yule wa kijivu mwili wake wote. Wakatulia hivyo, hawapumui, na chini yao zikaanza kudondoka chembe nyeupe, ndogo kuliko punje ya wimbi. Kabla hazijafika chini, Bibi Arusi alizifuata, akazidaka kwa mdomo, akapanda nazo na kuzitemea ndani ya povu. Kisha tena. Kisha tena. Khaemba alihisi nywele za shingo zikimsimama. Alikuwa amepika samaki maisha yake yote, na hakujua kwamba ndani yao mna kitu kama hiki.

Alimwita Mama Adero, jirani aliyekuwa mzaliwa wa ufuoni mwa Ziwa Nyanza, maana kama ni habari za samaki, nani angemshinda?

"Huyu anachukua mayai kwa mdomo ndiye mama," alisema Mama Adero bila kusita, akimwonyesha Bibi Arusi. "Kwetu samaki ngege iko hivyo. Mama anafunga watoto kwa mdomo, hakuli mpaka wakomae. Baba hana habari."

"Sasa Bwana alisema nitoe mama, niache baba."

Milcah alicheka mpaka akaegemea mlango. "Umtoe mama, umwachie baba watoto? Huyo Mgoa wako amekosa bibi mpaka akili imeharibika."

Khaemba hakucheka. Amri ni amri. Alimvua Bibi Arusi kwa kikombe akamtia ndani ya chupa ya achari, na moyo ukamuuma kana kwamba anamfanyia ubaya mtu anayemjua.

Yule wa kijivu alibaki na mayai. Alizunguka mara moja. Akapanda kwenye povu, akafungua mdomo, akaanza kula.

"Umeona?" alisema Milcah, na safari hii sauti yake haikuwa na dhihaka, ilikuwa na huruma, ambayo ilichoma zaidi. "Ndivyo baba alivyo, ndugu yangu. Si kosa lako. Mungu hakuwaumbia hiyo kazi."

Khaemba aliinamisha uso karibu na kioo ili dada yake asimwone macho. Ndipo akaona. Kutoka tumboni mwa yule wa kijivu, akiwa katikati ya karamu yake, ilidondoka chembe moja nyeupe, ikazama polepole hadi chini.

"Dada," alisema. "Huyu ndiye anayetaga."

Mama Adero aliinama, akatazama, akashika kiuno. "Kumbe," alisema. "Kwa hivyo huyu mwenye marinda..."

"Ndiye baba."

Khaemba alikuwa tayari ameshika kikombe. Alimtoa mama mla mayai, akamrudisha baba majini kwa haraka hata akamwaga maji miguuni. Povu lilikuwa limebomolewa nusu na mayai yamesambaa chini. Samaki yule hakupoteza muda kuhuzunika. Alishuka hadi mchangani, akaokota yai, akapanda, akalitemea povuni. Akashuka tena. Lilipopasuka povu alipuliza jingine, na yai lililodondoka mara mbili alilifuata mara mbili. Sima iliungua, harufu ikajaa, na Milcah, mwanamke asiyevumilia chakula kuharibika, hakugeuza hata shingo.

Mayai yalipoanguliwa, watoto walining'inia chini ya povu, mikia chini, wembamba kama vipande vya uzi. Kila aliyeanguka alirudishwa. Baba yao hakuonekana kulala. Khaemba alimketisha Truphosa mbele ya kioo, na yeye mwenyewe alikuwa amejaa kicho kile anachokipata mtu kanisani wimbo unapopanda. Pale pale, akiwa hajamgeukia dada yake, aliyatoa maneno yake.

"Truphosa haendi."

"Samaki ni samaki," alijibu Milcah. "Mtoto ana homa, ana meno, ana kulia. Utaweza?"

"Sijui. Nimekuwa nikiogopa kuchekwa, dada, si kulea. Kulea ninalea tayari."

Milcah alikwenda kufunga kikapu chake, nguo za mtoto akaziacha kitandani.

Ijumaa Khaemba aliingia stesheni na Milcah, kikapu cha dada yake mkononi, Truphosa mgongoni kwa shuka, jambo ambalo wanaume wa kwao hawafanyi mchana wala gizani. Wapagazi waliacha mizigo kutazama. Mmoja aliita, "Mpishi, siku hizi wewe ndiye bibi?"

Khaemba alihisi masikio yakiwaka moto, lakini hakusimama. Aliyesimama ni Milcah.

"Huyo ni baba yake," alimwambia yule mpagazi. "Wako, wewe, anabebwa na nani?"

Kisha akamgeuza ndugu yake kwa bega, akalifungua fundo la shuka na kulifunga upya, juu zaidi, ili mtoto aone anakokwenda. Akachukua kikapu, akapanda gari peke yake.