Hazina Kumi na Nne za Nyanya Kusum

Mwaka wa 1996 nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Kebirigo, na nilijiona mtu wa kuogopwa. Nikikohoa mlangoni, darasa zima linanyamaza. Kwa hiyo Sneha wa kidato cha pili alipopatikana na gemu ya mkononi ndani ya atlasi, niliichukua nikaifungia katika droo yangu.

"Utaipata siku ya kufunga shule," nilimwambia.

"Lakini mwalimu, hiyo si ya..."

"Keti."

Siku ya tatu niliitoa. Nilijiambia nataka tu kumjua adui. Gemu iliuliza kama ninaendelea au ninaanza upya. Nikabonyeza bila kusoma, mimi ambaye kila mtihani niliwaimbia wasichana kwamba swali husomwa mara mbili. Kwenye kioo cha kijivu kikatokea kijitu kifupi chenye sururu begani, kinachoruka mawe mapangoni kikitafuta hazina. Nilikirusha, kikatumbukia kwenye miiba. Niliona aibu kana kwamba nimetumbukia mimi. Nikakirusha tena. Niliposhtuka, chai ya walimu ilikuwa imekwisha na mandazi pia.

Baada ya hapo sikuwa mtu. Betri zilipoisha nilitoa za redio ya nyumbani. Mke wangu, Nyanchera, akakosa matangazo ya vifo, na tukafika kwenye mazishi ya binamu ya mama yake watu wakikunja mahema.

"Redio imeharibika," nilimwambia mama mkwe, nikiwa na betri za redio hiyo mfukoni.

Kisha nikakwama. Kulikuwa na pango la maji lenye milango mitatu, na kila mlango uliniua. Nilivumilia siku tano, halafu nikaingia darasani na hesabu ya uwezekano. "Mtu yuko pangoni," nikasema, "maji yanapanda, mbele yake kuna milango mitatu. Afanye nini?"

Darasa lilitazamana. Sneha peke yake aliinua mkono, polepole.

"Asiingie mlango wowote, mwalimu. Angoje maji yampandishe. Juu kuna tundu."

"Vizuri sana," nikasema, nikafuta ubao haraka ili wasiuone uso wangu. Lile tundu lilikuwepo kweli.

Siku ya kufunga shule, Sneha hakuja ofisini kwangu na baba yake, Ishwar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Alikuja na nyanya yake, Kusum, mwanamke mdogo aliyevaa sari na sweta ya kijani. Hakuketi.

"Mwalimu Cleophas, nimekuja kuchukua gemu yangu."

"Yako, mama?"

"Yangu. Huyu mtoto aliibeba bila ruhusa. Nina hazina kumi na nne humo, kazi ya miezi minane. Imebaki moja."

Nilimpa. Aliiwasha palepale, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Nani huyu CLEO mwenye hazina sita?"

Sneha akatazama dari. Ningeweza kusema uongo, lakini jina lilikuwa limeandikwa kwenye kibao mezani pangu.

"Ni mimi, mama. Nilifuta zako. Sikujua. Nisamehe."

Nilitarajia anipeleke kwa mwalimu mkuu. Badala yake alinirudishia gemu. "Cheza nikuone."

Nilicheza. Kijitu kikaanguka mara nne.

"Maskini," akasema, na sikujua anamhurumia nani. "Utakuja dukani kila Jumamosi mpaka zirudi zote kumi na nne. Hiyo ya mwisho usiiguse."

Likizo hiyo nilikwenda Kisii Jumamosi nne. Nilimwambia Nyanchera kuna mikutano. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, kati ya makopo ya rangi, Kusum akisimama nyuma yangu: "Ruka! Si sasa! Sasa! Aa, mwalimu, wewe unafundisha nini watoto?" Ishwar alipita na vitasa vyake akijifanya hatuoni.

Jumamosi ya nne nilifikisha kumi na nne, nikamkabidhi. Alikishusha kijitu kwenye pango la mwisho taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kikaruka pengo moja, la pili, kikanyoosha mkono, taji likawa lake.

Kusum alipiga kelele. Mimi nilipiga zaidi. Nilirukaruka kwenye sakafu ya saruji nikipunga ngumi hewani, nikiita, "Tumelipata! Tumelipata!"

Mteja aliyekuwa akipimiwa misumari akageuka. Alikuwa Mzee Machogu, mwenyekiti wa wazazi wa shule yetu.

"Habari ya likizo, mzee?" nikamsalimu.

Aliitazama gemu mkononi mwa Kusum, akanitazama mimi, kisha akamwambia Ishwar aendelee kupima misumari.