Sauti Iliyokataa Kushuka

Walipoiacha migomba ya mwisho ya Murungu, Bazilio hakugeuka nyuma. Hakuwa na wa kumgeukia, mkewe alishalazwa chini ya migomba hiyohiyo. Mgongoni alibeba inanga yake, ule ubao uliochimbwa kama sinia na kufungwa nyuzi, kaifunika gunia maana mawingu ya Oktoba yalishaanza kulalia vilima. Nyuma alikuja shemeji yake Nsabimana, mume wa dada yake, Mrundi wa wale waliokimbia mwaka sabini na mbili, akikohoa na kulalamikia magoti.

"Shemeji, mwaka huu si tungedandia lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi?"

"Inanga haipandi lori."

"Haya, yenyewe itembee. Mimi nipande."

Bazilio aliongeza mwendo. Kila mvua za kwanza, kabla jembe halijagusa udongo, alitembea hivyo kutoka Murungu, akapita Busunzu, akashuka mpaka Nyakitonto alikoolewa binti yake Odilia. Nyumba iliyomwita aliipigia. Kazi yake ilikuwa kuwataja wafu wa nyumba ile, babu, baba, mtoto, mmoja baada ya mwingine, sauti ikiwa juu. Akifika kwa marehemu wa mwisho, anaishusha sauti taratibu mpaka inakuwa mnong'ono, na hapo mama mwenye nyumba anatupa mbegu za kwanza. Sauti isiposhuka, kila mtu anajua kuna mfu amefichwa. Nyumba ya namna hiyo haipandi mpaka atajwe.

Busunzu Bazilio alipiga inanga kwenye nyumba chache, wakapewa uyoga na mihogo ya kuchemsha. Wakaingia porini, kwenye nyasi zilizoungua, majani mapya yakichungulia katikati ya majivu. Nsabimana alikuwa kanyamaza tangu asubuhi, na huyo si mtu wa kunyamaza.

"Sema," Bazilio alimwambia. "Unatembea kama umebeba jiwe."

"Nilikwenda kambini kumwona mpwa wangu, Ininahazwe. Alipokimbia, alikuwa njia moja na Reverien."

Reverien alikuwa mume wa Odilia. Mwaka tisini na tatu, vita vilipolipuka Burundi, alivuka mpaka kwenda kumchukua mama yake aliyekuwa kwa ndugu zake huko. Huu ulikuwa mwaka wa tisini na sita.

"Na?"

"Wakati wa kurudi hakufika mpakani. Ininahazwe mwenyewe alimfukia, kando ya kijito, kwa jembe la kuazima."

Bazilio alisimama. "Umelijua hili tangu nyumbani?"

"Ningekwambia nyumbani, ungekuja?"

Bazilio alianza kutembea tena. Alikuwa akimfikiria Kipriani, mdogo wake Reverien. Madhali Reverien hajatajwa pamoja na wafu, Odilia ni mke wa mtu na shamba la bondeni ni lake. Akitajwa, Kipriani atamrithi Odilia pamoja na shamba. Akikataa kurithiwa, ataondoka na nguo zake tu, na watoto wake, Winnie na Dionis, watabaki kwa ukoo wa baba yao.

"Simtaji," alisema mwishowe.

"Usimtaje. Mimi nimekwambia wewe tu."

Walifika Nyakitonto kesho yake, umande haujakauka. Odilia alitoka kuwapokea, kasuka nywele vizuri, nywele za mwanamke anayemngoja mume. Majirani walishakusanyika. Kipriani alikuwa ameegemea ukuta na kibuyu cha pombe ya ndizi.

"Karibu mzee. Mwaka huu utuhesabie vizuri, usituruke."

"Shemeji," Odilia akamkata, "kama maiti hazikutoshi, kafe wewe, tutakuongeza."

Watu walicheka. Kipriani naye alicheka, ila macho hayakucheka.

"Baba," Odilia alisema, kikapu cha maharage mkononi, "mtaje babu, umtaje na baba mkwe wangu Niyomwungere, ushushe. Basi."

Bazilio akakaa kwenye kigoda, akaikumbatia inanga, akaanza. Babu alipita salama. Akafika kwa Niyomwungere. Miaka yote sauti yake ilikuwa ikishuka yenyewe, kama mbuzi anayeijua njia ya zizini. Safari hii ilikataa. Alilirudia jina, koo likabaki juu. Akalirudia tena, jasho likimtoka kwenye ule ubaridi. Vidole vikawa vinaomba jina linalofuata, na jina linalofuata lilikuwa limemkwama kifuani.

Mkono wa Odilia ulisimama ndani ya kikapu.

"Shusha, baba."

Akajaribu. Haikushuka.

"Shusha, baba yangu, nakuomba."

Kipriani aliweka kibuyu chini, akavua kofia. Nsabimana alikuwa anatazama miguu yake.  Odilia akakitua kikapu cha mbegu mlangoni, akaketi hapohapo kwenye tope, akaanza kuzifumua nywele, msuko mmoja mmoja.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Mimi," alisema Nsabimana.

Bazilio akalitaja jina la Reverien, na sauti ikashuka vizuri kabisa.

Odilia alinyolewa kama mjane siku ileile. Alikataa kurithiwa, akarudi Murungu na nguo zake na sufuria moja. Winnie na Dionis walibaki. Kipriani alilima shamba la bondeni, na maharage yalistawi. Mwaka uliofuata, Warundi waliokuwa wakiishi vijijini walipokusanywa na serikali, Nsabimana alipelekwa kambini na malaria ikammaliza huko. Ininahazwe alirudi kwao, hakusikika tena. Watu wa Busunzu walimngoja Bazilio msimu mmoja, wakaona mvua inapita, wakapanda bila wimbo. Inanga ilitundikwa juu ya meko mpaka nyuzi zikakatika. Mwenyewe alikufa mwaka tisini na tisa, akazikwa kwa nyimbo za kanisani.