Kasi ya Abdijabar

Abdijabar alikuwa akisafirisha vitunguu na soda kwa pikapu kutoka Lodwar hadi Kakuma, na alimwambia kila aliyekutana naye kwamba yeye hukimbia kilomita mia kwa saa. Siku moja akampa lifti Céline, Mkongomani anayefundisha fizikia katika kambi ya wakimbizi ya huko. Njiani alisimama kunywa chai, akasimama kungoja ngamia wavuke, akasimama kusalimia watu. Kisha akarudi nyuma kumsalimia mmoja aliyemsahau.

Walipofika Kakuma akauliza, "Umeona mwendo, mwalimu? Mshale wa spidi uligonga mia."

"Niliuona," Céline akasema. "Lakini kasi ya safari ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote. Kilomita mia na ishirini, saa nne. Umekwenda thelathini."

"Na muda wa chai unahesabiwa?"

"Saa yangu haikunywa chai, Abdi."

Neno thelathini lilimkera wiki nzima. Safari iliyofuata aliapa hasimami kwa lolote. Katikati ya njia aliona lori limeharibika, na mama mmoja kando yake akipunga shela kwa nguvu. Abdijabar akampungia pia, akapita.

Alifika kwa saa moja na nusu, akaenda moja kwa moja shuleni. Céline akapiga hesabu ubaoni. "Leo themanini."

Wanafunzi wakampigia makofi. Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, Magool.

"Mama yangu yuko barabarani na mbuzi wawili," akasema. "Anasema umempita. Anasema ulimpungia mkono."

Abdijabar alimtazama Céline, kisha akampa simu. "Mweleze hiyo ya kugawanya."

Céline alieleza vizuri, kwa mfano na kila kitu. Magool alisikiliza mpaka mwisho. "Asante, mwalimu. Sasa mwambie ageuze gari."

Aligeuza. Mama mkwe, Bi Nafiso, alipanda mbele bila salamu, mbuzi wakawekwa nyuma. Gari lilipoondoka, akamgeukia mkwewe.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Shuleni, mama."

"Kwa ndevu hizo?"

Abdijabar akakaza macho barabarani. Baadaye akaona mabega ya mama mkwe yanatikisika ndani ya shela. Akadhani analia, akapunguza mwendo kwa hofu. Alipochungulia vizuri, Bi Nafiso alikuwa amejiziba mdomo, anacheka.