Sofa ya Metrine

Karo ya chuo ilipanda, na Calvince Ondiek akahesabiwa kuwa tajiri. Serikali ilikuwa imewagawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa nyumbani kwao. Kundi la kwanza wasaidiwe sana, kundi la tano wajisaidie. Calvince, ambaye baba yake alikufa akaacha nyavu mbili zilizooza na mjane mmoja, alitupwa katika kundi la tano. Asipobadilishiwa kundi kufikia Ijumaa saa kumi alasiri, jina lake lingefutwa.

Hakuwa peke yake. Walikuwa arobaini na watatu.

Baraza la wanafunzi likaketi. Mwenyekiti wao, Masinde, alitaka watoke barabarani.

"Tukifunga lami saa moja tu watatusikia."

"Mwaka jana tulifunga," Debra Akello akamwambia. "Wakatusikia. Wakatutumia moshi."

Debra alikuwa katibu wa maslahi, msichana mrefu wa mwaka wa tatu asiyependa kelele. Alikwenda peke yake kwa msajili wa chuo, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka msajili akachoka kumpita. Akaitwa ndani. Msajili akakubali kupokea rufaa, ila kila mwanafunzi alete picha mbili: nyumba yao kwa nje, na nyumba hiyo hiyo kwa ndani, mzazi akiwa ameketi humo. Na picha zipigwe na baraza, si na wenyewe.

"Nikiiona nyumba nitaamini," alisema.

Wakagawana nyumba. Debra akapewa tisa za pwani ya ziwa, kutoka Kisumu kuelekea Nyakach, hadi pale mto Sondu unapoingia ziwani. Jumatatu jioni akachaji simu, akaazima koti la mvua, na Jumanne alfajiri akaondoka.

Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mwaka huo. Yalikuwa yameingia mashambani bila haraka, kama mgeni anayejua atalala. Njia aliyopita asubuhi ilikuwa imeondoka akirudi jioni. Aliona ghala la mahindi limesimama majini peke yake na kivuli chake. Aliona gugu maji limeelea mpaka mlangoni mwa kanisa, na maua yake ya zambarau yamechungulia ndani. Alilala kwa watu asiowajua, usingizi mfupi wa kusikia maji chini ya kitanda, na kila nyumba aliyoingia ilianza kufanana na ile aliyotoka. Kufikia Alhamisi alikuwa na hisia kwamba anaingia nyumba ileile moja, na wao wanabadilisha mama tu.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya kina Calvince. Calvince mwenyewe alikuwa sokoni Kibuye siku hiyo, akibeba marobota ya mitumba apate hela ya chakula. Debra alishuka kwenye bodaboda pale barabara ilipoishia, akaendelea kwa miguu kando ya matete. Jua lilikuwa la saa sita, maji yanang'aa mpaka macho yanauma. Hapo ndipo alipoiona sofa inatembea.

Ilikuwa ya buluu, ya watu watatu. Ilikuwa inavuka majani marefu yenyewe, polepole, ikiyumba kidogo kama mtu mnene anayetoka harusini. Nyuma yake viti viwili vya rangi ileile vilifuata. Nyuma ya viti, meza ya kioo, na ndani ya kioo mawingu yanapita. Debra akasimama. Aliwaza kwamba hatimaye amelala akitembea. Kisha sofa ikakohoa, na akaona chini yake miguu minne ya wanawake.

Alikaa nyuma ya matete mpaka vyote vikaingia kwenye nyumba moja ya udongo na mabati, ndipo akabisha hodi.

"Karibu, nyathina, karibu mtoto wangu," Mama Calvince akasema, akihema. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kwaya, lenye ukosi wa kijani. "Njia imekuua. Keti."

Debra akaketi kwenye sofa ya buluu. Ilikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, kila kimoja na tausi. Ukutani kulikuwa na saa inayosema ni saa mbili. Palikuwa na televisheni kubwa, waya wake umelala sakafuni haujaenda popote. Chai ikaja, ya maziwa. Kuku akaja.

"Mama, umejisumbua."

"Nimejisumbua nini? Ulitaka ule mboga, ukawaambie wakubwa wa chuo kwa kina Calvince hakuna watu?"

Debra akala, kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Kisha akapiga picha. Mama Calvince alikaa katikati ya sofa, mgongo wima, mikono magotini, akamtazama ndani ya simu msajili asiyemjua kama mtu anayetazama jirani wa heshima. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tisa. Debra akaitazama. Akarudisha picha za nyuma. Jumanne, kwa mzee Oketch: sofa ya buluu, tausi. Jumatano, kwa mama yake Nangila: sofa ya buluu, tausi, saa mbili.

"Mama, hii sofa ni ya nani?"

"Ni ya kukaliwa."

"Mama."

Mama Calvince akacheka kidogo, akajifuta jasho. "Ni ya Metrine, yule fundi wa nguo. Amebaki na nini? Kitanda. Anakaa kwa cherehani tangu Jumanne. Sisi tukisikia mgeni amefika kwa fulani, inaenda kwa fulani. Kwani kwenu mgeni hukaa wapi?"

"Kwetu pia tunaazima," Debra akasema. "Lakini mama, huyu msajili akiiona hii picha atasema Calvince baba yake ni mbunge. Atafuta jina. Kesho."

"Umwambie."

"Amesema ataamini anachoona."

Nje, akina mama waliobeba sofa, Metrine mmoja wao, walikuwa wamekaa kivulini, wakingoja mgeni aende. Sauti zao ziliingia kupitia dirishani.

"Tangu niolewe hapa," Mama Calvince akasema taratibu, "hakuna mgeni aliyeona nyumba hii bila kiti. Hata siku tulipomzika Ondiek, viti vilikuja. Watu walisema, ah, Ondiek alikuwa na nyumba. Sasa wewe unataka mtu anione kwenye simu, nimekaa chini, naye amekaa kwenye kiti chake anabembea?"

"Sitaki, mama."

"Basi?"

"Basi mimi nitaenda na picha unayotaka wewe. Calvince ni wako."

Mama Calvince aliitazama saa isiyotembea. Debra akasikia maji yakilamba ukuta wa nyuma. Kisha mama akainuka, akaenda mlangoni.

"Metrine, njoni mtoe."

"Ameenda?"

"Hajaenda. Toeni akiwa hapa."

Akina mama wakaingia bila kumtazama yeyote machoni, wakabeba. Sofa ikapita mlangoni, viti, meza, saa, televisheni. Wakavipanga kwenye majani karibu na maji, kwa sababu hakuna aliyejua kama wavirudishe, na manyunyu yakaanza. Debra alivitazama kutoka ndani: viti vitupu vimeelekea ziwani, vinanyeshewa, kama waumini wanaomngoja mhubiri aje kwa maji.

Ndani palibaki mkeka, sufuria mbili na mtungi wa plastiki wa maji. Mama Calvince akaulaza mtungi, akaukalia.

"Na gauni?" akauliza. "Nalo nitoe?"

"Gauni ni la nani?"

"Langu. La kwaya. Nililipia miezi saba."

"Basi kaa nalo."

Debra akapiga. Mama hakuangalia simu. Aliangalia mlango, ambako majirani walikuwa wamesimama wakimwona.

Alasiri hiyo Debra akarudi kwenye zile nyumba mbili zilizokuwa na sofa. Mama yake Nangila alilia, akakubali. Mzee Oketch hakukubali. "Nyumba yangu ulishaiona," alisema. "Peleka ulichoona." Alikuwa na binti mmoja chuoni, Lorna. Debra alimsihi mpaka giza likaingia, kisha akaondoka.

Ijumaa saa tisa na nusu picha zote zilikuwa mezani kwa msajili.

Kati ya wanafunzi arobaini na watatu, thelathini na sita walibadilishiwa kundi, Calvince na Nangila wakiwemo. Sita waliambiwa wangoje mwaka ujao. Mmoja alifutwa, naye ni Lorna Oketch. Kuku mmoja alikuwa amechinjwa kwa ajili ya mgeni. Sofa ilivimba mbao kwa mvua, na Metrine akaivunjavunja kuwa kuni. Wanawake wa chama cha Mama Calvince hukutana nyumba kwa nyumba, kila mwezi kwa mmoja wao. Tangu siku ile zamu yake imefika mara tatu, na mara zote tatu amesema ni mgonjwa.