Kitufe cha Kusahihisha

Maji ya baridi yalimchoma. Mama yake alimwekea kikombe mdomoni, Reretia akakipiga kikaruka. "Moto! Mama, ya moto!" Na yalikuwa maji ya mvua, yametekwa pipani saa ile ile. Nesi alinitazama nilivyosimama kizingitini, kisha akatazama sakafu. Kisiwani kwetu hakuna asiyejua maana yake. Samaki mwenye sumu hukugeuzia dunia: baridi inakuwa moto, ulimi unakuwa si wako.

Reretia alikuwa mwenzangu wa dawati. Baba yake, Mwalimu Tiaon, aliletwa na meli kutoka visiwa vya kusini kuja kutufundisha, na sijawahi kumwona mtu akiipenda maktaba yetu kama yeye.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ofisi ya halmashauri, na kompyuta mbili. Anayeitunza ni mama yangu mdogo, Terakura. Maktaba za visiwa vyote ziliunganishwa na kitu kinachoitwa wiki, daftari la pamoja la mtandaoni, sisi tukakiita Ukurasa tu. Wa kwetu wanaandika wanachokijua, wa kule wanaongeza chao, na aliyeona kosa anabonyeza kitufe, anasahihisha. Dada aliyetumwa kutoka Tarawa, makao makuu ya nchi, kutufundisha alisema mpaka koo likamkauka: "Humu hakuna mkubwa! Kila mtu asahihishe!"

Wazee wakacheka kwa adabu.

Maana kwetu maneno yana mahali pa kukaa. Ndani ya maneaba, nyumba yetu ya mikutano, kila ukoo una nafasi yake kwenye mkeka, na Mzee Teburea ndiye anayeanza kusema. Akishasema, hakuna wa kusema sivyo. Utamwaibisha yeye, utauaibisha na ukoo wako. Basi ukurasa wa uvuvi aliusema yeye, mama mdogo akichapa: mlango wa mwamba wa kaskazini una samaki wekundu wanono, na ni salama, tangu enzi za babu zake.

Ilikuwa kweli ya ujana wake. Lakini mlango ule ulishapigwa baruti ili meli ipite, na tangu hapo samaki wake wameharibika. Wavuvi walijua. Hata paka walijua, kwa kuwa wao ndio tunaowaonjesha kwanza.

Mama mdogo alijaribu mara moja. Aliongeza sentensi chini: siku hizi wana sumu. Chai yake haijapoa, binti wa mzee akawa mlangoni, mikono kiunoni.

"Terakura, kumbe siku hizi wewe ndiye unayefungua maneaba? Tukutandikie mkeka?"

"Dada, nimeongeza tu kidogo..."

"Umeongeza! Baba yangu kavua mama yako hajaota meno. Au hiyo mashine imekuotesha ndevu?"

Wanawake waliokuwa nje wakaangua kicheko. Mama mdogo akaifuta sentensi yake huku yule binti wa mzee amemsimamia, kisha akamkaribisha chai. Tukarudi kwenye njia yetu ya siku zote, kunong'onezana. Habari ikaenda kisimani, ikaenda kanisani, ikafika mpaka kwa watoto wadogo. Kwenye Ukurasa haikufika.

Na aibu ya mzee wako humnong'onezi mgeni. Mimi, ninayeshindwa hata kujibu "nipo" darasani, nilimnong'oneza Reretia.

"Msile samaki wa kaskazini."

Akanisukuma bega, anacheka. "We naye! Maktaba yenu inasema salama. Baba kanisomea mwenyewe. Ina maana mama yako mdogo muongo?"

"Hapana."

"Basi babu yenu?"

Nikafungua daftari langu, nikajifanya naandika.

Wakamla samaki yule. Reretia alikufa siku ya pili yake, wazazi wake, waliokula naye, hata kusimama hawawezi.

Watu waliitwa maneaba. Mzee Teburea alikaa mahali pake, hakufumbua mdomo. Na kwa kuwa yeye hakusema, mwingine yeyote asingeweza. Tulikaa hivyo, kisiwa kizima, tunasikiliza mawimbi yakipiga mwamba, mpaka giza likaingia na watu wakaondoka mmoja mmoja.

Siku ya meli, Mwalimu Tiaon alikuja maktaba. Vidole vyake vilikuwa bado vina ganzi, akawa anabonyeza herufi kwa kifundo. Hakuomba ruhusa. Mgeni hana nafasi kwenye mkeka, utamtoa wapi? Alipomaliza alimpa mama mdogo mkono, akaenda bandarini.

Mzee alikuja baadaye, peke yake. Mama mdogo alipomwona akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikabaki mimi.

"Mjukuu wangu, nisomee."

Nikamsomea maneno yake, kuanzia pale palipoandikwa "Kama alivyosimulia Mzee Teburea." Kisha mstari mpya: Samaki wa mlango wa kaskazini wana sumu. Binti yangu Reretia alikula.

"Tena."

Nikasoma tena.

"Jina langu bado lipo?"

"Lipo, babu. Ukitaka nalitoa. Ni kubonyeza tu."

"Kubonyeza tu," akasema. Alikigusa kioo kile kwa kidole, na kusoma hajui. "Liache. Yakae pamoja."

Alipoinuka aliomba maji. Nikamtekea pipani, ya baridi. Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akasimama nacho mlangoni, hakunywa.