Nyavu za Chini ya Matofali

Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naingia mtoni maji yakinifika magotini, nainua matofali yangu kumi na mawili moja moja, nahesabu nyavu ndogo zilizofumwa chini yake na mabuu ya mtoni, kisha nayarudisha yalipokuwa. Asubuhi ile niliinua la kwanza nikalikuta limesuguliwa, jekundu kama limetoka dukani. La pili vilevile. Mpaka la kumi na mbili, na namba niliyoliandikia kwa rangi imefifia.

Wiki tatu za utafiti zilikuwa zimekwenda na maji. Nilibakiza siku mbili tu nimalize hesabu, Jumamosi nirudi chuoni.

Nilimfuata Baba kwenye chujio la mtambo wa maji, ambalo amelitunza tangu sijazaliwa.

"Baba, nani kaosha matofali yangu?"

"Mimi." Hakugeuka. "Yalikuwa na utando. Mkono huu umezoea, ukiona utando unasugua."

Nilitaka kulia, nikaona haya. Kumeza maneno nimerithi kwake. Tangu Mama afariki tunakula wawili, na redio ndiyo inayozungumza.

"Haukuwa uchafu," nilisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akakunja suruali, akanifuata. Nikageuza jiwe ambalo brashi yake haikulifikia. Pembeni palikuwa na kibanda cha mchanga na vipande vya majani, na mlangoni pake wavu mwembamba kuliko chujio la chai, mdomo umeelekea mkondo. Buu lenyewe, refu kama ukucha, lilijikunja ndani.

"Halihangaiki," nikamwambia. "Linatega tu, mto unaleta chakula mpaka mlangoni. Jirani akitaka kuingia, linajisugua mguu kichwani, linatoa mlio wa kumfukuza."

"Kama shangazi yako."

Nilicheka bila kupenda. "Na nyuzi zake zinashikanisha kokoto, maji yakijaa zisisombwe ovyo."

Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kuguswa na maji. "Na mimi miaka yote nawaita takataka. Sasa hawa niliowabomolea?"

"Wengine wamesombwa. Wengine watatoka mawe ya jirani, wahamie, wafume upya. Wavu hauchukui muda. Hesabu ndiyo lazima nianze mwanzo."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Tatu," alirudia, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejuta. Akashika tofali, akaanza kulilaza penye mkondo mzuri, kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto. "Mwalimu wako atakubali?"

"Atagomba, halafu atakubali."

"Basi agombe."

Nikamtazama. Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa haya.

"Baba, kutoka kwenye chujio mpaka hapa ni hatua sitini. Mkono uliozoea ndio uliotembea mpaka huku?"

Akalaza tofali lingine, akaliinua, akalilaza tena palepale.

"Haukuzoea chochote," akasema hatimaye, macho kwenye maji. "Nilijua ni kazi yako, na nimekukosea. Sikutaka uende Jumamosi, mwanangu. Nikibaki peke yangu, nyumba inanishinda."