Mkaguzi wa Kiingereza

Nina diploma ya uhazili, na nyumbani kwangu hakuna asiyejua. Mtu akiandika separate kwa e mahali pa a, mimi naumwa. Akitamka February bila r ya kwanza, naumwa zaidi. Baba watoto ananiita Mkaguzi, na si kwa mapenzi.

Kwa hiyo binti yangu mkubwa alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno, tena kwa Kiingereza, kwa video ya simu, nilijiteua kuwa mwalimu wake. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima akituma maombi. Kazi hii aliitaka mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Wiki nzima nilimfuata na mwiko mkononi.

"Receipt," alisema huku akifunga viatu.

"Hiyo p umeambiwa na nani uitamke? Sisi wenyewe tuliitupa zamani, tunasema risiti. Rudia."

"Mama, nilikuwa nataka kusema sentensi nzima."

"Sentensi itasubiri."

Jioni ya mwisho hakurudia chochote. Alijikunja kwenye kochi akasema, "Kesho siufanyi huo usaili. Nikifungua mdomo nasikia sauti yako kabla ya yangu."

Baba yake akavua miwani. "Mkaguzi, kesho wewe ni wa jikoni. Na mlango ufungwe."

"Na akikosea?"

"Si akosee! Kwani wewe ulizaliwa unakijua?"

Nilinuna, lakini nilikubali, maana mtoto alikuwa analia kweli.

Asubuhi nikawa jikoni, sikio limeganda mlangoni. Alianza kwa sauti ndogo, kisha ikapanda. Akafika kwenye receipt, akaitamka ile p, p nene, imeshiba. Niliuma kitambaa cha vyombo. Yeye akaendelea. Hakuna aliyemkatiza, na nikashangaa kusikia kumbe sentensi zake zikiachwa zinafika mwisho. Nikajisogeza nisikie vizuri zaidi, kiwiko kikagonga rafu, masufuria yakashuka yote kwa pamoja.

Mwenye kliniki, daktari mwanamke mwenye sauti ya kujiamini, akauliza kwa Kiingereza huko kuna nani. Binti akajibu ni mama yake. Daktari akasema nije anisalimie.

Nikatoka na aproni yangu. Akaniuliza nimeamkaje, na binti yangu ni mtu wa namna gani nyumbani. Kiingereza chepesi, cha salamu. Mimi, mwenye diploma, ninayeweza kukutajia herufi za bureaucracy nikiwa usingizini, nikafungua mdomo na ndani hamkuwa na kitu. Tangu chuoni Kiingereza changu kimeishi kwenye karatasi na kwenye makosa ya wenzangu. Hakijawahi kujuliwa hali. Neno pekee lililokuja ni February. Nikalisema. R zote mbili zilikuwepo.

Nikajua basi, nimemharibia mtoto kazi.

Binti akanivutia kiti, akaniwekea mkono begani. "Kaa, mama. Hujakosea kitu. Vuta pumzi kwanza." Kisha akaigeukia simu na kumweleza daktari, kwa Kiingereza chake chenye mashimo, kwamba mama ana hofu kuliko yeye, kwamba amehangaika naye wiki nzima, na kwamba anaomba dakika moja amtulize. Hakutetemeka hata kidogo. Mashimo niliyasikia yote, na kwa mara ya kwanza sikuziba hata moja.

Daktari alicheka mpaka picha ikatikisika. Ndipo akaongea Kiswahili, kumbe anacho.

"Mama, tulia, leo hatung'oi jino." Halafu akamwambia binti, "Wewe njoo Jumatatu. Wagonjwa wangu wote wanafika pale mapokezi wakiwa hivi hivi alivyo mama yako."